Miguu ya Mama Ukutani

Kwa Umm Zaki, chumba cha juu darini,
Imbaba, Kairo.
14 Mei 1998

Mpendwa kaka yangu Rashwan,

Salamu zikufikie hapo Kuwait, zikukute umekaa kivulini na maji baridi mkononi, maana nasikia joto la huko linachemsha ubongo wa mtu akiwa amesimama. U mzima? Kikohozi je? Katika kaseti yako ulikohoa kila ulipovuta pumzi ya kunigombeza, mpaka Wanis, mwenzangu wa chumba, akasema, "Kaka yako huyu atakata roho kabla hajamaliza kukutukana." Chemsha uwatu, unywe asubuhi kabla hujala kitu. Na usikae mbele ya lile feni la ghalani ukiwa na jasho.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mgongo unaniuma kwa kubeba ndoo, na saruji imenila vidole hata kalamu naishika kama mwiko. Utanivumilia mwandiko. Shule niliiacha darasa la tano, wajua mwenyewe, maana ni wewe uliyetumwa kunitoa kwenye miwa nilikojificha.

Kaseti imefika. Umesema ukuta wa nyumba yetu upakwe chokaa kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nisikuite kaka tena. Jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini. Na kaka nitakuita. Sasa soma yaliyobaki, kwa kuwa wewe hukuwepo, na Ami Dardiri, ambaye tangu baba afe hujiona yeye ndiye baba, alikueleza nusu tu kwenye simu.

Umeniuliza, "Wewe mpiga lipu, nani kakwambia u mchoraji?" Hakuna aliyeniambia. Ngoja nikueleze ninavyoishi, kisha useme mwenyewe.

Hapa Kairo napiga lipu kwenye maghorofa mapya. Kabla ya lipu ukuta ni matofali matupu, na mfukoni mwangu hapakosi kipande cha mkaa. Wenzangu wakishuka kuvuta sigara, mimi nachora. Nachora mwenye mkokoteni wa maharage, mwanamke anayeteremsha kikapu dirishani kwa kamba, paka wa jana. Chai ikiisha, nachota saruji nawafunika wote. Huu ni mwaka wa saba. Huko Mohandisin kuna bwana harusi analala kila usiku ubavuni mwa punda wa kwao Wanis, punda amevaa kofia ya askari, na bwana harusi hana habari. Katika ofisi ya wakili mmoja, nyuma ya kiti chake, yumo msimamizi wetu Usta Zaghlul anakimbizwa na bata bukini.

Huyo usta alinifuma siku hiyo. "We Kinawi! Tajiri kaagiza lipu au kaburi la Farao?"

"Lipu, usta."

"Basi fukia bata wako!" Akageuka kwenda, kisha akarudi. "Ila kabla hujanifunika, niongezee nywele. Upara wangu haujafika hapo."

Nikamwongezea. Amezikwa na nywele zake.

Ninachotaka kibaki nakichora kwenye mifuko ya saruji. Mfuko una karatasi kadhaa, ya katikati ni safi. Naichana, naikunja, narudi nayo. Chumba chetu kimejaa, hata Umm Zaki mwenye nyumba akija hushindwa kukumbuka kilichomleta, hujitafuta yumo ukuta gani leo.

Ijumaa, baada ya sala, vijana wa kwetu huenda mkahawani kupiga domino. Mimi na Wanis huenda mjini. Kwenye jumba la makumbusho kuna nyuso za watu wa kale zilizochorwa kwenye mbao, walizikwa nazo. Macho yao makubwa, meusi, hayapepesi. Wanis hasimami mbele yao hata kidogo. Husema ni kama mama yake anapouliza ulikuwa wapi. Mimi husimama mpaka mlinzi akohoe. Kisha twapita kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu, nafunua magazeti ya zamani ya watoto kuona mtu anavyochora mkono unaoshika kikombe, mpaka mwenye kibanda aniambie, "Kijana, hapa si maktaba."

Na Alhamisi alasiri, nikitoka kazini mapema, huenda nyumba ya utamaduni ya mtaa. Yupo mama mmoja, Mwalimu Ilham, afundisha kuchora bila kuuliza mtu kasoma wapi. Alibandika mfuko wangu wa saruji ukutani, akautazama, akageuka.

"Kinawi, mbona watu wako wote wamesimama kwenye majani? Huyu kwenye majani, huyu nyuma ya sanduku, huyu ndani ya pipa. Kwenu watu hawana miguu?"

"Wanayo, Mwalimu. Siiwezi tu."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka. Lakini ilikuwa kweli. Tangu utotoni nilikuwa naificha miguu, kwa kuwa mikono yangu ilishindwa kuipata. Likumbuke hili la miguu, kaka, maana ndilo lenye ukuta.

Haya, tuje kwenye ndege yako. Nakumbuka kaseti ya Idi ile, imewekwa kwenye ukumbi wa wageni, watu wamejaa, nawe unasema, "Mama yangu ataruka kwenda Makka!" Watu wakashangilia, Ami akakurudisha nyuma usikiwe mara tatu. Lakini jina la mama lilitoka kwenye kura ya mahujaji wa basi na meli, na mama hakungoja ndege ya mtu. Alisema, "Mwenye Nyumba kaniita, halafu nimuulize nitapandishwa nini?"

Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi bandari ya Safaga. Wewe hukuliona hilo basi. Lilikuwa jekundu, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, na wanawake wa kijiji waliimba tangu Qena hadi jangwa lilipokwisha. Mama alimlisha dereva mkate wa kuumuliwa juani na jibini kongwe kwa mkono wake, ati asisinzie. Dereva akasema, "Hajjati, kwa ukali wa jibini hili nitafika Makka kabla ya meli."

Pale bandarini ngazi ya meli ni ya chuma, ndefu, imesimama kama ya mnara. Wanaume wawili walitaka kumbeba mama. Akawaambia, "Niacheni, wanangu. Miguu hii imepanda na maji kutoka mtoni miaka arobaini, ishindwe na ngazi?" Viatu vikateleza. Akavivua, akavifunga kwenye pembe ya mtandio, akaweka furushi la mikate kichwani, akapanda peku.

Mimi nilikuwa chini. Furushi lilimfunika kichwa, shuka jeusi likamfunika mwili. Nilichokiona ni miguu tu. Imevimba, visigino vimepasuka, na kile kidole kilichopigwa na jembe kimelala juu ya mwenziwe. Ilipanda ngazi moja, ikatulia, ikapanda nyingine. Sikuona kingine mpaka mlango wa meli ukammeza.

Niliporudi Kairo sikuchora kitu ila miguu. Mwezi mzima. Jukwaani, wakati wa chai, nachora miguu ya wapiga lipu. Wakanikejeli. "Jamani, Kinawi kaacha lipu, kawa fundi viatu!" Mmoja akaniwekea mguu wake mapajani: "Nichoree na huu, ila harufu yake usiichore." Nilichora vibaya, nikachora tena. Mfuko wa hamsini na kitu Mwalimu Ilham aliushika mbali, akaushika karibu, akasema, "Huyu kachoka." Nikajua nimeipata.

Kwetu hujaji huchorewa safari yake kwenye ukuta wa nyumba, na lazima uwe tayari kabla hajarudi, aukute unamngoja. Nikamwomba Usta Zaghlul wiki moja. Akajibu, "Ukiondoka leo, kesho mwiko wako una mtu." Nikamwambia, "Mpe anayejua kuushika." Nikaondoka. Ndiyo sababu sasa nabeba ndoo kwa fundi mwingine, na ndiyo sababu ya mgongo. Sijuti, na usinionee huruma.

Nilipofika nyumbani barua yako ilikuwa imenitangulia. Chora ndege, umesema, kubwa, yenye bendera mkiani, na mama dirishani anapunga mkono. Niliisoma mara mbili. Kaka, kijiji chote kililisindikiza lile basi. Wanawake wa kwetu walimkanda mama miguu melini. Wote hao ungetaka wapite mbele ya ukuta wetu, wauone uongo, wakohoe kwa adabu. Na jingine: ndani ya ndege miguu haionekani.

Basi sikuchora ndege. Nilichora siku nne. Bahari nimeipaka nila ile ya kufulia nguo, basi nimelipaka udongo mwekundu wa mlimani, weusi nimeutoa kwenye masizi ya tanuri ya mama mwenyewe. Kaaba iko kando ya mlango kama kwa kila mtu. Basi lina kamba yake. Meli ina kutu yake. Na kwenye ngazi, kimo cha mlango, mama anapanda, ametugeuzia mgongo, furushi kichwani, miguu yote miwili wazi mbele ya dunia.

Siku ya tatu Ami Dardiri alivuka mto kwenda Luxor kukupigia simu. Siku ya nne akarudi na ndoo ya chokaa na brashi pana. Hapo ndipo inapoanza nusu ambayo hukuambiwa.

"Shuka, Kinawi."

"Sijamaliza, Ami."

"Kaka yako kasema ufutwe wote. Unamchora Hajjati peku kama mwokota pamba? Watu watasema Rashwan kaenda Kuwait miaka sita kashindwa kumnunulia mama yake viatu!"

"Viatu anavyo. Vimo kwenye pembe ya mtandio, tazama, nimevichora."

"Nani ataviona hapo?"

"Atakayetazama."

"Usinijibu kama rika lako! Shuka!"

Nilishuka. Nikasimama kando, nikamwachia ukuta wote. Nikamwambia, "Paka, Ami. Sitakushika mkono, we ni baba yangu. Lakini ujue mimi kazi yangu ni kuchora vitu vinavyofunikwa. Miaka saba kila nilichochora nimekifunika kwa mkono wangu mwenyewe, na asubuhi nimechora tena. Ukipaka leo, kesho nitachora. Ukipaka kesho, keshokutwa nitachora. Chokaa yako itakwisha, mkaa hauishi. Kuta za Kairo nilizifunika kwa kuwa ni za watu. Huu ni wa mama, na huu haufunikwi."

Ami alichovya brashi. Naapa alichovya. Tone lilianguka kwenye kanzu yake mpya, akalitazama. Ndipo tukasikia honi ya lile basi likipinda kwenye mitende, na tari, na vigelegele.

Mama alishuka, kakonda, kachomwa na jua, kavaa nyeupe. Watu wakamsonga, huyu mkono, huyu kichwa. Yeye akawapasua katikati, akaja akasimama mbele ya ukuta. Alisimama mpaka tari zikanyamaza zenyewe. Kisha akaketi kwenye baraza la jirani, mkabala, akatazama miguu yake, akatazama ukuta, akatazama tena miguu yake.

"Hiki kidole cha jembe," akasema, "nani kakwambia kimelalia upande huu?"

"Nilikuwa chini ya ngazi, mama."

Akawageukia wanawake. "Miguu yangu hiyo. Kule watu ni bahari, sura zote ngeni, nilikuwa naitazama hii tu nisipotee. Naiambia, haya, mabinti, twendeni." Akalia kidogo, akajifuta kwa mtandio. Kisha akamwona Ami. "Dardiri, chokaa hiyo ya nini?"

Ami akaangalia ndoo kama kaletewa na jini. "Ya... banda la kuku, Hajjati. Nimeona limechakaa."

"Mungu akuzidishie. Basi isigande, anza."

Kaka, alilipaka. Ndani ya kanzu mpya, mbele ya wageni wote, mpaka alasiri, kuku wanampigia kelele miguuni. Sasa kijiji kizima hakina nyumba nyeupe kama ya kuku wetu.

Nawe wasema nimekuaibisha. Nimekuaibisha kwa lipi? Hujaji wa meli ni hujaji. Uliahidi ndege ikashindikana, basi, ahadi za masikini ndivyo zilivyo, na hakuna aliyekucheka ila wewe mwenyewe umejicheka huko ghalani ukadhani ni sisi. Mama hajadai ndege. Ukitaka kunikana, nikane, bado nitakuandikia, na barua zangu wajua ni ndefu. Lakini ukuta hapana. Leo hapana, mwezi ujao hapana, na nikifa nimemwachia dada yetu Nafisa usia na mkaa.

Limebaki jambo moja ambalo Ami hakulitambua, na picha ya kamera aliyokutumia, kwa kuwa imekatwa juu, haikuweza kukuonyesha.

Juu ya meli, kutoka kwenye kizingiti cha juu cha mlango hadi dari, nimeacha mbingu tupu. Nimeipaka nila mara mbili. Sikuweka nyota, sikuweka hata njiwa. Ni mahali pakubwa, kitanda kingeenea. Mama aliniuliza kwa nini nimepaacha. Nikamwambia, "Hapo pana mwenyewe." Hakuniuliza ni nani.

Nafisa ananiambia kuwa siku hizi kila ndege inayoteremka Luxor ikipita juu yetu, mama huacha unga, hupanda darini na mikono yake myeupe, hushika ukingo, husimama mpaka izame nyuma ya mitende. Kisha hushuka akaendelea kukanda. Ni za watalii hizo, anajua. Anapanda hivyohivyo.

Ndege yako nitaichora, Rashwan. Kubwa, na bendera mkiani kama ulivyotaka. Ila nitaichora kama nilivyochora meli, baada ya kuiona kwa macho yangu na aliyemo nimemwona. Nasikia na ngazi ya ndege ni ya chuma. Nitasimama nyuma ya waya pale uwanjani na mfuko wangu wa saruji, na sitatazama viatu ulivyonunua wala masanduku. Nitatazama miguu inashukaje. Mpaka siku hiyo, mbingu itakaa tupu, na atakayeigusa kwa chokaa, awe Ami, awe wewe, atanikuta hapo. Ukitaka ukuta ubadilike, hiyo ndiyo njia: shuka.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha mfuko, ule wa hamsini na kitu. Ukibandike karibu na kitanda. Kama utaona haya, ukibandike upande wa ndani wa sanduku.

Mama anakusalimu, amekuwekea chupa ya zamzam na haruhusu mtu aifungue. Nafisa anakusalimu na wanawe wote. Ami Dardiri anakusalimu, na ameomba nisikuandikie habari ya kuku. Wanis na Umm Zaki wanakusalimu ingawa hawakujui, wanakufahamu kwa kikohozi. Nisalimie wenzako wa kwetu walioko hapo.

Mungu akulinde na joto, akupe kifua chepesi, na akufungulie njia iliyonyooka mpaka mlangoni kwetu.

Mimi mdogo wako akupendaye, uliyemkataza kukuita kaka,
Kinawi